Jibu kwa mpiga picha wa Mombasa: nani anaweza kukuzuia, na nani lazima umwombe

Swali: Mimi ni kijana mpiga picha, mkazi wa Majengo, Mombasa. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kivuko cha Likoni asubuhi nikipiga picha za watu wanaoshuka kwenye feri. Askari wawili wa kaunti walinisimamisha na kuniuliza leseni ya kupiga picha. Nilipowaambia sina, wakamwita polisi, naye akanilazimisha kufuta picha zote zilizokuwa kwenye kamera. Jambo la pili ni hili: nilimpiga picha mama mmoja muuza mahamri kule Mji wa Kale. Alicheka tu, hakukataa. Niliiweka Instagram, na sasa kampuni moja ya unga inataka kuinunua kwa ajili ya tangazo. Ninaomba kujua haki zangu. Je, mahali pa umma si pa kila mtu?

Ndugu muulizaji,

Ninakujibu nikiwa wakili ambaye, kabla ya kusomea sheria, aliwahi kushinda siku nzima kwenye chumba cha giza cha studio akisafisha filamu za watu. Nitatanguliza jibu lenyewe, kisha nieleze msingi wake. Pale kwenye kivuko ulikuwa na haki zaidi ya ulivyodhani, ingawa mahali penyewe pana kasoro moja ambayo nitaifikia. Kwa yule mama muuza mahamri, una haki chache kuliko unavyodhani. Sheria ya Kenya haikuulizi mengi wakati unapobonyeza kamera, lakini inakuuliza mengi sana wakati unapoitumia picha, hasa ikiwa matumizi hayo yanaingiza pesa.

Tuanze na leseni. Hakuna sheria ya Bunge inayomtaka mtu awe na leseni ndipo apige picha ya mnato mahali pa umma. Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na ndani ya uhuru huo kinataja uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo, pamoja na uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kifungu cha 24 kinasema kwamba haki ya namna hii inaweza kuwekewa mipaka kwa sheria tu, tena sheria yenye sababu ya maana na inayoweza kutetewa katika jamii iliyo huru na ya kidemokrasia. Kwa hiyo askari anapokwambia kwamba kupiga picha hapa kunahitaji leseni, mzigo wa kuitaja sheria hiyo ni wake, nawe una haki ya kumuuliza kwa adabu ni sheria ipi na kifungu kipi. Kadi ya mwanahabari nayo haihusiki hapa, kwa sababu hiyo ni ya mtu anayefanya kazi ya uandishi wa habari, na uhuru wa Kifungu cha 33 haukuandikwa kwa ajili ya wanahabari peke yao.

Suala la ada za kaunti linahitaji uangalifu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo vijana wengi wanapotozwa. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kuondolewa wala kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ikiwa kaunti inatoza ada ya upigaji picha wa kibiashara, ada hiyo lazima ionekane katika sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka husika au katika sheria nyingine iliyopitishwa na bunge la kaunti, na malipo yake lazima yaende kwenye akaunti ya kaunti na yatolewe risiti. Pesa inayopokelewa mkononi kando ya barabara haina jina hilo. Kifungu hicho hicho kinakata pande zote mbili. Kule Nairobi, Gavana Johnson Sakaja, aliyeingia ofisini mwaka 2022, alitangaza kwamba vijana wanaopiga picha na video katikati ya jiji wasitozwe tena. Lilikuwa tangazo jema, lakini tangazo la gavana si sheria, na halivuki mpaka wa kaunti yake. Ukilitegemea ukiwa Mombasa utakuwa unajitetea kwa karatasi ya jirani.

Tena lazima nitofautishe mtu aliyebeba kamera yake akatembea nayo na mtu aliyesimamisha taa, viti, miavuli na wasaidizi wanane pale Mapembeni, huku wapita njia wakilazimika kushuka barabarani. Huyo wa pili anatumia nafasi ya umma kama karakana yake, na kaunti ina haki ya kumtaka aombe kibali cha nafasi hiyo. Video nayo ina sheria yake: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inataka kibali kwa filamu inayotengenezwa nchini ili ionyeshwe kwa umma au iuzwe. Na kamera inayopaa angani kwa droni iko chini ya kanuni za usafiri wa anga za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo usiirushe kabla ya kuisajili na kupata ruhusa.

Sasa nije kwenye ile kasoro ya kivuko. Watu husema mahali pa umma ni pa kila mtu, nawe umeuliza hivyo hivyo, lakini kuna mahali watu wanapita kwa maelfu kila siku na bado pana ulinzi wa kisheria. Feri ya Likoni inakata mkondo wa Kilindini, yaani njia yenyewe ya meli kuingia bandarini, na upande wa bara Kusini kuna kambi ya jeshi la wanamaji la Mtongwe. Sheria ya Maeneo ya Ulinzi, Sura ya 204, inampa waziri uwezo wa kutangaza eneo fulani kuwa la ulinzi, ambalo mtu haingii bila ruhusa. Sheria ya Siri Rasmi, Sura ya 187, inakwenda mbali zaidi: inafanya kuwa kosa la jinai kupiga picha ya mahali palipokatazwa, au kupiga picha ukiwa ndani yake, bila idhini ya afisa anayepasimamia. Kambi za jeshi na mitambo ya ulinzi zimo humo moja kwa moja, na waziri anaweza kuongeza nyingine kwa kutangaza.

Kwa hiyo swali la haki ni hili: lenzi yako ilikuwa inatazama nini? Nyuso za watu wanaoshuka na mikokoteni ya ndizi ni habari moja. Meli ya kivita, vituo vya ukaguzi wa usalama na magati ya bandari ni habari nyingine. Tazama mabango kabla ya kuitoa kamera mkobani, na bango la kukataza picha ulichukulie kwa uzito hata kama halitaji sheria. Ukiwa na mradi wa siku nyingi hapo, andika barua kwa wasimamizi wa kivuko ueleze unachopiga, siku gani na kwa nini, kisha utembee na nakala ya jibu lao. Barua yenye muhuri imewahi kuwaokoa wateja wangu kwenye mijadala ambayo Katiba nzima isingeimaliza, kwa sababu askari wa zamu anaogopa kumkosea mkubwa wake kuliko anavyoogopa kifungu.

Kuna pia sehemu ambazo umma unaingia lakini mwenyewe yupo. Jumba la maduka, hoteli, stesheni ya reli na ukumbi wa benki zina wenyewe, nao wanaweza kuweka masharti ya kuingia, likiwemo la kutopiga picha. Ukiambiwa utoke ukakataa, unaweza kushtakiwa kwa kuingia mahali pa mtu bila ruhusa. Ngome ya Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, na upigaji picha wa kibiashara ndani yake unaombewa ruhusa. Lakini mamlaka ya mlinzi wa benki yanaishia mlangoni pa benki. Ukiwa umesimama kwenye njia ya waendao kwa miguu, anaweza kukuomba uache, anaweza kuwaita polisi, lakini hana haki ya kukunyang'anya kamera wala kukusukuma, na akifanya hivyo yeye ndiye mwenye kosa la shambulio.

Hilo linatufikisha kwenye kufutwa kwa picha. Nikiwa kijana kama wewe nilipiga picha mahali ambapo askari mmoja hakupenda. Akafungua mfuniko wa kamera yangu, akaivuta filamu yote nje kwenye jua la saa sita, kisha akanirudishia kamera kwa utulivu kama mtu anayerudisha chenji. Picha za harusi ya watu zilikuwa kwenye filamu ile ile. Nilichofanyiwa mimi kwa jua ndicho ulichofanyiwa wewe kwa kitufe, na hakuna kifungu kinachompa askari wa kaunti au wa polisi mamlaka ya kufuta picha za mtu, wala ya kumlazimisha azifute mwenyewe. Ikiwa picha haina kosa, hana sababu ya kuigusa. Ikiwa ina kosa, basi ni ushahidi, na ushahidi hufikishwa mahakamani ukiwa mzima. Vilevile kuitazama simu au kamera yako ndani ni kuingia katika faragha inayolindwa na Kifungu cha 31, ambacho kinataja wazi kupekuliwa kwa mtu, nyumba na mali yake, na njia ya kawaida ya kufanya hivyo ni hati ya mahakama.

Polisi wanaweza kukamata kifaa wanachoamini kuwa kimetumika katika kosa, na wakifanya hivyo usipigane nao. Sema kwa sauti tulivu kwamba hukubali kufuta wala kufungua, uliza jina na namba ya kazi ya afisa, na omba kamera iandikwe kituoni kwenye kitabu cha matukio, kisha uchukue namba ya OB. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuelezwa papo hapo, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukimalizikia nje ya saa za mahakama, utafikishwa siku inayofuata ya mahakama, na ndiyo maana watu wanaokamatwa Ijumaa jioni hulala mpaka Jumatatu. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka ya kiraia inayochunguza utendakazi wao. Dhidi ya askari wa kaunti, anza na afisi yao kwa maandishi, kisha Tume ya Haki ya Utawala. Na jambo dogo la kiufundi ambalo mawakili wengi hawalijui: picha iliyofutwa kwenye kadi mara nyingi haijatoweka. Ukiitoa kadi palepale na usipige tena picha nyingine juu yake, fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuzipata nyingi.

Kumpiga picha askari mwenyewe akiwa kazini hadharani hakukatazwi na sheria yoyote inayohusu picha za kawaida. Linalokatazwa ni kumzuia kufanya kazi yake. Simama kando, usiingie kati yake na mtu anayemkamata, na usimwekee kamera puani.

Mpaka hapa nimekuwa upande wako kwa sehemu kubwa. Sasa twende Mji wa Kale.

Mtu akiwa barabarani haachi faragha yake yote nyumbani. Anajua ataonekana, na huwezi kuomba ruhusa ya kila kichwa kinachopita Marikiti saa nne asubuhi. Umati ukiwa umati, na hakuna aliyetengwa ndani ya picha, wasiwasi wa kisheria ni mdogo. Mambo hubadilika pale unapomchagua mtu mmoja, ukamkaribia, ukamfanya kuwa ndiye picha yenyewe. Kuanzia Novemba 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na kwa sheria hiyo uso wa mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Ukihifadhi picha yake, ukiihariri, ukiiweka mtandaoni au ukiiuza, kisheria unachakata data ya mtu, na lazima uwe na msingi halali wa kufanya hivyo.

Sheria hiyo haikuwaua wapiga picha, ingawa nimewasikia wengine wakisema hivyo. Imetoa nafasi kwa mambo ya binafsi na ya nyumbani, kwa hiyo picha ya shangazi yako kwenye albamu ya familia haihusiki. Kifungu cha 52 kinatoa pia msamaha kwa kazi za uandishi wa habari, fasihi na sanaa, pale mwenye kazi anapoamini kwa sababu za maana kwamba kuchapishwa kwake kuna maslahi kwa umma. Picha ya mama wa mahamri iliyotundikwa katika maonyesho ya maisha ya asubuhi Mji wa Kale, au iliyochapwa kwenye kitabu cha picha, ina utetezi mzuri hapo. Kwa maoni yangu hata nakala chache unazouza kwa watalii ili waziweke ukutani bado ziko upande wa sanaa, kwa sababu anachonunua mtalii ni picha yako, wala uso wa mama hautumiki kumshawishi anunue kitu kingine.

Tangazo la unga ni jambo tofauti kabisa. Pale uso wa mama unafanywa kuwa mchuuzi. Yeyote atakayeliona bango ataamini kwamba mama huyu, ambaye wateja wake wanamfahamu kwa ulaini wa mahamri yake, anatumia unga ule na anausifu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu na mwenyewe amefahamishwa. Mahakama Kuu nayo, katika uamuzi wa mwaka 2017 kuhusu picha iliyotumika katika tangazo, ilieleza mambo matatu ambayo mlalamishi wa namna hii huyathibitisha: kwamba sura, jina au alama nyingine inayomtambulisha imetumika; kwamba imetumika kwa kumnufaisha anayeitumia; na kwamba hakukuwa na ridhaa. Lipime tangazo lako kwa vipimo hivyo utaona mama angeyathibitisha yote matatu.

Utaniambia alicheka. Nakubali, na kicheko chake kinakusaidia katika jambo moja tu: kwamba hukumpiga kwa siri, na kwamba wakati ule hakukasirika. Lakini ridhaa inayotakiwa na sheria ni ya mtu aliyeelezwa jambo lenyewe akalielewa, akalikubali kwa hiari na kwa kusudi maalumu, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ilitolewa uko juu yako. Alichokuwa akikichekea ni kijana na kamera yake. Bango la futi ishirini barabara ya Nyali halikuwemo katika kicheko hicho, wala Instagram, ukitaka niseme kweli yote.

Usidhani haya ni ya vitabuni. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza sehemu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kiwango cha juu cha faini ya Kamishna ni shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mbali na faini, mwenye picha anaweza kudai fidia. Malalamiko hayahitaji wakili, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 90. Mama wa mahamri anaweza kuyafikisha kwa simu ya mjukuu wake.

Hukuuliza kuhusu watoto, lakini kwa kuwa ninajua mpiga picha wa Mji wa Kale hawezi kuwaepuka, nitaongeza hili: watoto wanaotoka madrasa na kanzu zao nyeupe ni picha nzuri mno, na ridhaa yao haitoshi. Sheria inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, tena matumizi yawe kwa maslahi ya mtoto. Wapige picha kwa mbali, kwa migongo, kwa vivuli vyao ukutani. La sivyo mfuate mwalimu na wazazi kwanza.

Hatari nyingine ambayo vijana huisahau iko kwenye maelezo ya chini ya picha. Kijana ameketi maskani akinywa kahawa, unampiga picha, miezi sita baadaye mhariri anaitumia picha hiyo juu ya makala kuhusu mateja na dawa za kulevya. Picha ni ya kweli, mahali ni pa umma, na bado umemkashifu, kwa sababu anayeisoma makala atamhesabu miongoni mwao. Kifungu cha 33 chenyewe kinamtaka anayejieleza aheshimu haki na sifa za wengine. Unapouza picha ya mtu kwa gazeti, andika kwenye makubaliano itatumika kwa habari gani.

Na kuna mahali ambapo wingi wa watu haupafanyi pawe pa umma. Usiku wa kupamba, yaani sherehe ya harusi ya wanawake peke yao, wanawake mia tatu wanaweza kuwa ukumbini, bila mabuibui, kwa sababu wameambiwa wako wenyewe kwa wenyewe, na simu zimeachwa mlangoni. Picha inayotoka humo inavunja Kifungu cha 31 hata kama kila mwalikwa alimwona bibi harusi kwa macho yake. Ikiwa ni picha ya utupu au ya siri ya mwili wa mtu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtia mwenye kuisambaza hatarini mwa faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka miwili.

Turudi kwa kampuni ya unga, maana unataka pesa yake nami sikulaumu. Picha ni yako. Hakimiliki yake ni yako tangu ulipoipiga, bila kusajili popote, na kwa sheria ya Kenya inadumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma, kutegemea ni upi wa baadaye. Lakini hakimiliki ni yako dhidi ya wanaonakili. Haikupi umiliki wa sura ya mama. Anayetaka kutengeneza tangazo anahitaji funguo mbili, wewe unayo moja na mama anayo nyingine. Kampuni makini itakuuliza fomu ya ridhaa kabla ya kukulipa. Isipouliza, jihadhari, kwani mara nyingi imekuandikia kwenye mkataba kwamba wewe ndiye utakayebeba madai yote.

Usiwauzie hakimiliki yenyewe. Uhamisho wa hakimiliki lazima uwe wa maandishi, kwa hiyo soma unachotia saini. Toa leseni ya kutumia picha hii, katika nchi hii, kwa muda huu, kwenye mabango au mifuko au mtandao kama mtakavyokubaliana, na vingine vyote vibaki vyako. Angalia pia jambo hili kwa kazi zijazo: ukiagizwa na mteja umpigie picha, sheria huchukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyekuagiza isipokuwa mmekubaliana vingine. Wapiga picha wa harusi hushangaa sana wanapoambiwa hivyo.

Fomu ya mama iandike kwa Kiswahili, fupi, asomewe mbele ya mtu anayemwamini. Maneno kama haya yanatosha: "Mimi, muuza mahamri wa Mji wa Kale, nimeonyeshwa picha yangu iliyopigwa tarehe fulani. Nimeelezwa kwamba kampuni fulani inataka kuitumia kutangaza unga wake kwenye mabango na mitandao kwa mwaka mmoja. Ninakubali kwa hiari yangu, nami nimelipwa shilingi kadhaa. Haitatumika kwa bidhaa nyingine wala kuunganishwa na maneno ambayo sikuyasema. Nimeelezwa kwamba ninaweza kuiondoa ridhaa yangu na ni nani wa kumwambia." Saini au dole gumba, shahidi, tarehe, na nakala abaki nayo. Sentensi ile ya mwisho usiifute hata kampuni ikinung'unika, kwa kuwa sheria inampa haki ya kuondoa ridhaa wakati wowote. Kuiondoa hakuharamishi yaliyokwisha kufanyika, lakini bango litashushwa, na ni bora kampuni ilijue hilo leo.

Sheria haikupanga bei ya uso wa mtu. Ninachoshauri ni umtajie mama kiasi unacholipwa wewe kabla hajataja chake. Akija kukijua baadaye kwa watu, fomu haitakusaidia kitu kwenye kibaraza chake.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii. Iondoe picha Instagram kwa sasa, au angalau usiichapishe upya. Usiitume faili kubwa kwa kampuni hata kama ni ya kuangalia tu. Chapa nakala moja nzuri, nenda Mji wa Kale alfajiri kabla foleni ya wateja haijawa ndefu, mwamkie shikamoo, umpe picha yake, na umwache aitazame kwanza. Mazungumzo ya unga yaanze baada ya hapo, na akisema hataki, mwambie meneja wa kampuni kwamba picha hiyo haiuzwi.